Kinga Tatu, Pumzi Moja: Acheni Kudharau Feni

Msee akijenga kompyuta ya gemu siku hizi, kitu ya kwanza atakuonyesha si prosesa. Ni feni. Ziko sita, zinawaka rangi zote kama matatu ya Rongai, na kwa skrini ameweka programu ya kumwambia joto limefika nyuzi ngapi. Ikipita 80 anasimamisha gemu, anafungua dirisha, anaita mbogi nzima ije iangalie. Na hiyo ni mashine ya kucheza mpira kwa vidole.

Sasa kuna kompyuta nyingine. Hii haina skrini ya kupendeza, imefungiwa ndani ya kabati la chuma kiwandani, na kazi yake ni moja tu: mambo yakiharibika, izime kila kitu kabla watu hawajakufa. Tangi linataka kufurika, inafunga vali. Presha ya boila imepanda, inakata moto. Gesi imevuja, inapiga alamu na kuzima pampu. Hiyo nayo ina feni. Na hiyo feni, wasee, ni yatima. Haina baba kwa bajeti, haina mama kwa ratiba ya ukarabati, na siku ikifa hakuna anayevaa nguo nyeusi.

Nasema hivi bila kupepesa macho: feni ya kabati la usalama ni kifaa cha usalama. Si usafi, si mapambo, si kitu ya kusukuma mpaka mwaka ujao wa fedha. Mtu anayenunua mfumo wa usalama wa mamilioni halafu anautilia feni ya bei ya chini kabisa iliyopatikana tao, huyo hana mfumo wa usalama. Ana kabati ghali.

Kabla hujaandika "na wewe digrii yako iko wapi", okoa bando yako. Sina. Nilikuwa nasomea mambo ya stima, nikaacha chuo mwaka wa tatu karo ilipotushinda nyumbani. Lakini joto haliulizi cheti. Twende kazi.

Hiyo mashine hufanya nini

Kiwanda kikubwa huwa na akili mbili. Ya kwanza inaendesha kazi ya kila siku: mwendo wa mashine, kiwango cha mafuta, mchanganyiko wa kemikali. Ya pili haifanyi kazi yoyote ya kuonekana. Inakaa tu ikitazama, kama askari wa geti asiyelala. Sensa zinaiambia hali ilivyo, nayo ikiona mstari umevukwa, inachukua usukani na kuzima. Ndiyo maana inatenganishwa na ile ya kwanza, ili ya kwanza ikichizi, ya pili ibaki na akili timamu.

Vifaa vyake hupangwa kwa raki ya inchi 19, upana uleule wa raki za seva na hata za amplifaya za madijei. Kadi zinasimama zimebanana kama vitabu kwa shelfu. Kila kadi inakula stima, na stima yote inayoliwa ndani ya kabati inaishia kuwa joto. Hakuna pahali pengine inaenda. Hewa ya moto inapanda juu, na kama hakuna kitu cha kuitoa, inakaa hapo inawapika wote polepole. Sasa hapo ndipo trei ya feni inaingia, mara nyingi juu ya raki au katikati ya safu za kadi. Inavuta hewa baridi kutoka chini, inapitisha kati ya kadi, inaitupa nje.

Ndani ya raki yote, mara nyingi feni ndiyo kitu pekee kinachotembea. Kadi haisugui kitu. Waya hausugui kitu. Feni ina beringi, ina grisi, inazunguka usiku na mchana, Krismasi na Idi. Kwa hivyo kitu cha kwanza kuchoka hapo ndani ni feni. Hiyo si bahati mbaya, hiyo ni fizikia.

Piga hesabu na mimi. Mwaka una saa 8,760. Feni iliyoandikwa saa 50,000 ina miaka isiyofika 6. Na hizo saa mara nyingi hazimaanishi feni zote zitafika hapo. Kuna kipimo watengenezaji hutumia kinachoitwa L10, na maana yake ni kwamba zikifika saa hizo, feni 10 kati ya 100 zitakuwa zimeshakufa. Tena saa zenyewe zinapimwa kwa joto fulani. Kabati likiwa moto kuliko hapo, zinapungua. Sasa mfumo wa usalama wenyewe unakaa kiwandani miaka 15, hata 20. Ina maana katika maisha ya mfumo mmoja lazima ubadilishe feni mara mbili au tatu. Lazima. Kama kiwanda chako kina mfumo wa miaka 12 na hakuna mtu anakumbuka feni zilibadilishwa lini, tayari unajua jibu.

Joto haliui haraka, ndiyo shida

Watu wanadhani feni ikikufa mashine inalipuka saa hiyo hiyo, na kwa vile haikulipuka, basi feni haikuwa muhimu. Hii ndiyo akili iliyotufikisha hapa.

Joto linaua kama deni la simu. Mos mos. Kuna kanuni mafundi wa elektroniki wote wanaijua kuhusu zile kapasita za mkebe, hasa za ndani ya pawasaplai: joto likiongezeka nyuzi 10, maisha yao yanakatwa nusu. Tuseme pawasaplai ingedumu miaka 12 kwa nyuzi 40. Kwa nyuzi 50 ni miaka 6. Kwa nyuzi 60 ni miaka 3. Hakuna aliyeigusa, hakuna aliyeimwagia maji, feni tu ilisimama.

Na hapa ndipo makaratasi yanaanza kudanganya. Mifumo hii hupewa daraja la usalama, SIL 1 mpaka SIL 4, kwa kufuata viwango vya kimataifa vya IEC 61508 na IEC 61511. Mfumo wa SIL 3 unaotakiwa kuamka mara moja moja tu unaahidi kwamba ukihitajika, uwezekano wa kukataa kufanya kazi uko kati ya 1 kwa 1,000 na 1 kwa 10,000. Ahadi tamu sana. Lakini hiyo hesabu ilifanywa kwa kudhani vifaa vinaishi kwa joto ambalo mtengenezaji alisema. Ukiviweka kwa jiko, ile hesabu haikuhusu tena. Cheti bado kimening'inia ukutani kwa ofisi ya meneja, kina fremu ya dhahabu, lakini kinazungumzia mashine nyingine, ile iliyokuwa na feni.

Kinga tatu zinazopumua pua moja

Hii ndiyo sehemu inaniwasha zaidi.

Ili mfumo usikosee, wahandisi waligundua kitu smati. Badala ya kompyuta moja, weka tatu, zote zifanye hesabu ileile, halafu zipige kura. Moja ikisema "zima" na mbili zikisema "endelea", wengi wape. Moja ikiharibika, mbili zinaendelea na fundi anabadilisha kadi bila kiwanda kusimama. Demokrasia ya kadi, tena hakuna wizi wa kura.

Lakini angalia vizuri. Hizo kompyuta tatu zimekaa kwa raki moja. Zinapulizwa na trei moja ya feni. Zinavuta hewa kupitia filta moja. Trei ikikufa, hazichemki moja moja. Zinachemka pamoja. Ulinunua ulinzi wa watu watatu, kumbe wote wanalala kitanda kimoja na moto uko chini ya kitanda. Wataalamu wanaita hiyo hitilafu ya chanzo kimoja, na ndiyo adui namba moja wa mifumo ya usalama, kwa sababu inafanya tatu kuwa moja bila kukuambia.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tulia bwana, sisi tuna kinga tatu", swali langu ni moja tu. Pumzi ni ngapi?

Visingizio, na majibu yake

Kisingizio cha kwanza: "Mfumo wa usalama ukipata joto unajizima, na ukijizima kiwanda kinasimama salama. Sasa noma iko wapi?"

Noma iko hapa. Kweli, kontrola nyingi zina sensa ya joto ndani na zimeundwa zikishindwa zishindwe kwa upande salama. Lakini kuzima kiwanda si kama kuzima televisheni. Kila ukizima, itabidi uwashe, na kuwasha ndiko kubaya. Pale Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, mtambo wa kusafisha mafuta ulilipuka wakati wa kuwasha tena sehemu moja iliyokuwa imesimama. Watu 15 walikufa, 180 wakajeruhiwa. Sisemi feni ilihusika pale, haikuhusika. Nasema kuwasha kiwanda ni saa ya hatari, na feni mbovu inakulazimisha uwashe mara nyingi kuliko ulivyopaswa.

Halafu kuna binadamu. Mfumo ukizima kiwanda bila sababu mara ya kwanza, watu wanakimbia. Mara ya pili wanalalamika. Mara ya tatu meneja, ambaye amepigiwa simu na bosi saa nane usiku kuhusu hasara, anauliza swali hatari kuliko yote: "Hii kitu haiwezi kupitwa kando kidogo?" Na inaweza. Kuna swichi ya kuipita. Hapo sasa kiwanda kinatembea, pesa inaingia, kila mtu anapumua, na askari wa geti amefungwa kamba mdomoni. Yote ilianza na feni.

Kisingizio cha pili: "Chumba kina AC." Sawa. AC inapoza chumba. Nani anatoa joto ndani ya kabati lililofungwa? Na stima ikipotea? Hii ni Kenya bana. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza, na hata pale JKIA kuna jenereta ilikataa kuwaka, abiria wakakaa gizani. Jenereta ilikuwepo. Kwa karatasi ilikuwepo. Sasa kiwandani stima ikienda, kontrola inaendelea kuishi kwa betri, kwa sababu lazima iishi. AC mara nyingi haiko kwa hizo betri, inakula sana. Kwa hivyo chumba kinaanza kupanda joto huku kabati likiendelea kutoa joto, na kilichobaki kinachotembeza hewa ndani ni zile feni zako za miaka 9. Mungu akusaidie.

Kisingizio cha tatu: "Mashine mpya hazina feni." Na mimi nashangilia! Kuna vifaa vinavyopozwa na mapezi ya alumini na mwendo wa hewa wenyewe. Ukiweza, nunua hivyo. Lakini hata hivyo vinataka nafasi juu na chini, si kubanwa kama abiria wa jioni kuelekea Kasarani. Na raki zilizofungwa zamani bado ziko kazini, na zitakuwa kazini miaka mingi. Huwezi kumtibu mgonjwa wa leo kwa dawa ya mtoto atakayezaliwa kesho.

Kisingizio cha nne, ndicho kinanichekesha: "Ni feni tu."

Ni kufuli tu

Wacha nikupeleke Uingereza kidogo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 11 Desemba 2005, bohari ya mafuta ya Buncefield, kaskazini mwa London. Tangi moja lilikuwa linajazwa petroli usiku. Kipimo cha kiwango kilikwama, kikaonyesha kwamba mafuta hayapandi, na kumbe yanapanda. Hicho kipimo kilikuwa kimekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka huohuo. Mara 14! Lakini msijali, kulikuwa na kinga ya pili, swichi ya juu kabisa ya kuzima kila kitu tangi likitaka kufurika.

Haikufanya kazi. Hiyo swichi ilikuwa na kimkono cha kufanyia majaribio, na ili ikae kwa hali ya kazi, kimkono kilitakiwa kufungwa na kufuli. Waliohusika hawakuelewa kazi ya ile kufuli. Walidhani ni ya kuzuia watu wasichezee. Kwa hivyo haikuwekwa. Petroli zaidi ya lita 250,000 ikamwagika, mvuke ukatanda, ukashika moto. Matangi zaidi ya 20 yaliteketea, watu zaidi ya 40 wakaumia, na hakuna aliyekufa kwa sababu ilikuwa Jumapili saa kumi na mbili asubuhi na maofisi ya jirani yalikuwa matupu. Ingekuwa Jumatatu saa nne, tungekuwa tunahesabu majeneza.

Ilikuwa kufuli tu.

Halafu nenda India, Bhopal, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984. Gesi ya sumu ilitoka kwa kiwanda cha dawa za kuua wadudu ikaua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Lile tangi la kemikali lilikuwa na mtambo wa kulipoza. Mtambo ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Kuokoa pesa. Soma hiyo tena mos mos: waliamua kwamba kupoza ni gharama isiyo ya lazima.

Najua, mtambo wa kupoza tangi si feni ya raki. Lakini akili iliyouzima ni ileile. Kupoza hakuonekani. Kupoza hakutoi bidhaa. Ukikata kupoza leo, kesho hakuna kinachotokea, na keshokutwa, na mwezi ujao, na wewe unapewa bonasi kwa kupunguza gharama. Bili inakuja baadaye, na haimjii aliyekata. Inamjia aliyelala jirani.

Na jirani ni nani?

Jirani ni sisi.

Angalia ramani ya mji wowote wa Kenya ulio na viwanda. Industrial Area imeshikana na Mukuru. Changamwe, matangi ya mafuta na nyumba za watu vinatazamana. Athi River, Mlolongo, Thika, ni hivyo hivyo. Tarehe 12 Septemba 2011 pale Sinai, mafuta yalivuja yakaingia mtaroni, watu wakaenda kuteka, moto ukawaka, zaidi ya watu 100 wakafa. Februari 2024 gesi ikalipuka Embakasi usiku, watu zaidi ya 200 wakaumia wakiwa kejani kwao. Hizo zilikuwa na sababu zake, sitaki kuzibandika feni. Ninachosema ni kwamba nchi hii, ukuta kati ya kiwanda na kitanda cha mtu ni mabati. Kinga ya kiwanda ndiyo kinga ya mtaa.

Na mazingira yetu hayana huruma na feni. Mombasa kuna joto, unyevu na chumvi ya bahari kwa hewa. Viwanda vya simiti vina vumbi linaloingia kila pahali. Viwanda vya sukari vina nyuzi za miwa zinazoziba filta. Kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria kuna gesi ile ya kunuka kama yai bovu, na hiyo inakula shaba. Feni iliyotengenezwa kwa chumba safi cha ulaya haitaishi hapa miaka ileile. Kwa hivyo ratiba ya ukarabati iliyoandikwa na mtengenezaji kwa mazingira yao, hapa ifupishwe. Na filta ikaguliwe, kwa sababu feni kuzunguka haimaanishi hewa inapita. Filta ikiziba, feni inazunguka bure kama mbunge kwa harambee: kelele nyingi, mtaa haujapata kitu.

Kitu nimeona na haya macho

Nikiwa chuo nilifanya atachimenti kiwanda fulani. Sitakitaja na msiniulize DM. Kwa kabati la usalama kulikuwa na trei ya feni tatu. Moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa inalia kama paka. Ya tatu ilikuwa mpya, na ilikuwa imefungwa kinyume. Feni nyingi zina mshale kwa ubavu unaoonyesha upepo unaenda wapi, na huo mshale ulikuwa unaangalia chini. Kwa hivyo moja imelala, moja inasukuma joto juu, na moja inalirudisha.

Taa nyekundu ya trei ilikuwa inawaka. Unajua walikuwa wameifanya nini? Waliibandika tepu nyeusi.

Nilimwuliza mzee wa zamu, nikamwambia, "Mzee, hii taa si ni ya hitilafu?" Akacheka, akasema, "Kijana, hiyo taa iliwaka nikiwa bado na nywele." Halafu akaacha kucheka, akanionyesha kitabu chake. Alikuwa ameandika ombi la feni mara nne. Lilirudi mara nne. Mara ya mwisho ofisi ya manunuzi ilimletea feni kutoka tao, si ile ya namba aliyoandika. Volti sawa, ukubwa sawa, lakini haikuwa na waya wa tatu, ule unaoripoti kama feni inazunguka. "Feni ni feni," walimwambia.

Huyo mzee hakuwa mvivu na hakuwa mjinga. Alijua kila kitu ninachoandika hapa na zaidi. Tatizo ni kwamba aliyejua hakuwa na kalamu ya kusaini, na aliyekuwa na kalamu hakujua. Mtu wa manunuzi anaona mistari miwili: feni ya mtengenezaji kwa bei ya kushtua, na feni ya Luthuli kwa bei ya chakula cha mchana. Anachagua ya pili, anapongezwa. Hakuna pahali kwa ile fomu pameandikwa "hii inalinda maisha".

Na si ati nachukia Luthuli. Kompyuta yangu yote imetoka huko. Kwa kompyuta yangu ikizima, nakosa kuposti. Kwa kile kabati ikizima, au mbaya zaidi ikikosa kuzima, hiyo ni hadithi ingine.

Tunataka nini

Sitaki kulia tu. Haya ndiyo ninayodai, na hayahitaji mkopo wa IMF.

Kwanza, kila trei ya feni ibandikwe karatasi yenye tarehe mbili: iliwekwa lini, inatolewa lini. Tarehe ya kutoa ikifika, inatolewa hata kama bado inaimba vizuri. Hungoji breki za matatu zikatike ndipo ubadilishe.

Pili, alamu ya feni ifike kwa chumba cha udhibiti pale binadamu amekaa, na ichukuliwe kama alamu ya usalama. Taa ndogo nyuma ya mlango wa chuma si alamu, ni siri. Na fundi akiambiwa aunganishe kawaya kafupi ili kuidanganya trei kwamba feni inazunguka, hiyo iandikwe na aliyeagiza asaini jina lake.

Tatu, feni inunuliwe kwa vipimo vyote: kiasi cha hewa, volti, aina ya beringi, waya wa ripoti, mwelekeo. Kama si ile ya mtengenezaji, basi aliyeidhinisha mbadala awe mhandisi wa usalama, si mtu wa stoo.

Nne, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12. Sawa kabisa. Mkaguzi akija, asihesabu vizima moto na kofia peke yake. Afungue kabati. Aweke mkono juu ya trei asikie upepo. Aulize joto la ndani limekuwa nyuzi ngapi mwaka huu. Ni dakika tano.

Tano, na hii ni yetu vijana. Wengi wenu mko atachimenti sa hii, hamlipwi hata nauli, na mnapewa kazi ambazo hakuna anayezitaka. Moja ni kusafisha filta. Ifanye kama daktari. Usipulize feni na hewa ya kompresa ikazunguka kama helikopta, utaua beringi. Ishikilie kwanza isizunguke, au tumia brashi. Usiguse trei ya mfumo unaofanya kazi bila ruhusa na bila fundi mkuu kuwa hapo. Na ukiona taa nyekundu, uliza. Uliza kwa heshima, mwite mkubwa, lakini uliza. Halafu andika kwa ripoti yako ya atachimenti, kwa sababu ripoti inasomwa chuoni na karatasi haibandikwi tepu nyeusi.

Mabosi wa viwanda, najua hamnisomi. Watoto wenu wananisoma. Kwa hivyo naomba hivi: leo jioni mkiwa mezani, mtoto amwulize babake swali moja. "Baba, feni za kabati la usalama pale kwenu zilibadilishwa lini?"

Akijibu tarehe, mpe heko, huyo ni mtu. Akisema "nitauliza", ni sawa, mfuatilie kesho. Akisema "ni feni tu", mwambie ile ya Buncefield ilikuwa kufuli tu.

Shea hii kwa msee yeyote anayefanya kazi kiwandani au anayeishi karibu na kiwanda. Na kama uko kwa zamu usiku wa leo, kabla hujaenda chai, fungua ule mlango uskie kama kuna upepo.